Shati la Ramadhani

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye picha ya kangaruu, na nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani Kiingereza changu kimeanza kunitoka pamoja na meno. Nikavaa miwani, nikarudia. Ilisema kwamba kila mtazamaji anaombwa kuja na nguo moja ya mtu aliyempenda, na kwamba wakati wa mchezo ataalikwa kupanda jukwaani akampe mwigizaji. Chini yake, kwa herufi nene, iliandikwa kuwa hii ni aina mpya kabisa ya maigizo kutoka Marekani, haijawahi kuonekana upande huu wa Sydney.

Mpya kabisa. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni kwa binti yangu, chai ikapoa mbele yangu.

Mwenye karatasi ni mjukuu wangu Tumaini. Anaigiza katika ukumbi mmoja hapa Penrith, ukumbi wa mkoani tuseme, maana kwa watu wa katikati ya jiji sisi tunaokaa huku mwisho wa reli ni watu wa shamba. Nilipomwuliza habari ya karatasi ile alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kinamkwama kooni. Akanieleza kwamba huko Marekani kumbi za mikoani zina hali mbaya. Wazee waliokuwa wakilipia viti vya mwaka mzima wamekufa au wamebaki nyumbani na televisheni zao, na vijana hawaji. Kwa hiyo michezo imepunguzwa wachezaji hadi wawili watatu, au huchukuliwa hadithi ambayo watu wameshaiona kwenye sinema ili wasiogope kununua tiketi. Wachache waliobaki na ujasiri wameamua kumwinua mtazamaji kwenye kiti chake. Meneja wa ukumbi wao amenunua haki za mchezo mmoja wa namna hiyo, pamoja na kitabu cha maelekezo kinachosema mtazamaji atainuka dakika gani na atakaa dakika gani.

"Ndiko tunakoelekea, Babu," alisema.

"Mnakoelekea!" nikamwambia. "Mimi nimetoka huko nikiwa na miaka kumi na moja."

Alicheka, akidhani natania. Sikuwa natania. Nilikuwa nimekasirika, na hadi leo sijatulia, na nyinyi wa umri wangu mtakaosoma hapa mtanisamehe nikiandika kama mtu anayefoka. Sehemu kubwa ya hasira hii inanihusu mimi mwenyewe.

Nililelewa Tabora na shangazi yangu, Mwamvita, dada yake baba. Alikuwa na kikundi cha maigizo. Watu saba, wanane akiwepo fundi cherehani aliyekuwa akipiga ngoma. Walifanya mazoezi katika bohari ya zamani ya reli, mahali palipobaki na harufu ya grisi na magunia ya karanga, na kila Jumamosi alasiri, watu wakishatoka kazini na jua likiwa bado liko juu, walionyesha mchezo mmoja. Umeme hatukuwa na haja nao. Milango mikubwa ya bohari ilifunguliwa upande wa magharibi na jua lenyewe lilikuwa taa yetu. Pazia lilikuwa turubai la mabehewa lililoshonwa vipande vitatu. Poda ilikuwa unga wa muhogo, mvi zilikuwa majivu, na uovu ulikuwa masizi ya sufuria. Shangazi alipotaka kuwa mtu mbaya alijipaka masizi chini ya macho, na hapo hata mimi niliyelala naye nyumba moja nilimwogopa.

Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa yatima na mama wa kambo. Shangazi alikuwa mama wa kambo. Yatima nilikuwa mimi, tangu nina miaka tisa. Nililia vizuri, nasema bila haya. Watu walikuwa wakitoka mitaa ya Kiloleni na Ng'ambo kuja kuniona nalia.

Sasa sikilizeni jinsi watu wale walivyotazama mchezo. Hawakukaa kimya. Shangazi aliponinyang'anya sahani, ukumbi mzima uliruka.

"We mwanamke, Mungu anakuona!"

"Mwache mtoto ale! Umemzaa wewe?"

"Njoo uninyang'anye mimi hiyo sahani, kama wewe kidume!"

Na Shangazi, bila kutoka katika uigizaji wake, aliwageukia mkono kiunoni. "Na wewe mwenye kilemba, kwako umeacha nini jikoni? Watoto wako wamekula?" Watu wakaangua kicheko, na mwenye kilemba akacheka kuliko wote. Jumatatu yake wauza nyanya sokoni walikataa kumwuzia Shangazi nyanya. "Hatuwauzii watesa watoto," walimwambia, kisha wakamjazia kapu.

Na walipanda jukwaani. Hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa. Nilipofika mahali pa kulia, nimejikunja kwenye gunia tumbo tupu, kina mama waliinuka mmoja mmoja wakaja kunitunza. Kwetu mchezaji hutunzwa, kila mtu anajua. Mwimbaji akikugusa moyo utapanda umbandike kitu kwenye paji la uso, umfunge kanga kiunoni. Lakini kina mama wa mtaa wa reli walimtunza yatima kwa vitu ambavyo yatima angevihitaji. Walileta mayai. Walileta unga kibaba kwa kibaba, na viazi vilivyochemshwa bado vina joto. Walinifuta machozi kwa pembe za kanga zao, wakanipa uji nikanywa pale pale, mchezo ukisimama unisubiri nimalize. Kikundi kizima kiliishi kwa vitu hivyo. Kiingilio hakikutosha hata chumvi, lakini Jumamosi usiku sisi wanane tulikula chakula cha yatima na tukashiba.

Wa kwanza kupanda siku zote alikuwa Mama Ramadhani. Alikuwa mwanamke mrefu, mke wa mfunga mabehewa, na kina mama wa mtaa ule walimfuata katika kila jambo, msibani na harusini. Ramadhani wake alikuwa amefariki kwa homa mwaka uliotangulia, akiwa na umri kama wangu. Tuliendelea kumwita mama yake kwa jina lake, kama ilivyo desturi, na sikuwahi kufikiri jina lile lilikuwa likimfanya nini kila alipoitwa. Uji nilioupenda ni wake. Aliutia karanga.

Ndipo alipokuja Mmarekani. Alikuwa kijana mwembamba mwenye masikio mekundu, aliyeletwa kufundisha hesabu katika shule moja ya sekondari pale mjini, na tulimwita Mwalimu Dani. Alikuja boharini Jumamosi moja, akaja na ya pili, kisha akawa haachi. Kwao alikuwa amefanya kazi katika ukumbi wa maigizo. Alimweleza Shangazi, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, kwamba zamani kila mji wa Marekani ulisubiri mchezo utoke Nyuyoki, na ukija unakuja umechoka. Siku hizi miji ya mikoani imeamua kujijengea kumbi zake na kuajiri wachezaji wake, inatengeneza michezo yake yenyewe. "Kama wewe, Bibi Mwamvita," akasema.

"Na wachezaji wenu wanakula nini?" Shangazi akauliza. Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza kwa kila mtu wa sanaa.

"Watu wananunua viti vya mwaka mzima, kabla hawajaona mchezo."

Shangazi akapiga makofi kwa kicheko. "Mbuzi kwenye gunia! Watu wenu wana imani kuliko mashehe."

Mwalimu Dani akamwonyesha picha ya ukumbi wao. Jukwaa lilikuwa katikati, na watu wamelizunguka, safu juu ya safu. Shangazi aliitazama picha ile kwa furaha kwa sababu ya jukwaa. Mimi niliwatazama watu. Wanaume wamevaa tai. Wanawake wameweka mikono mapajani. Hakuna aliyefungua mdomo, hakuna aliyenyoosha hata kidole. Nikasema moyoni, kumbe hivi ndivyo watu wenye akili wanavyotazama mchezo.

Na Mwalimu Dani alikuwa na daftari.

Hapa ndipo lazima nieleze jambo ambalo watoto wa leo hawalijui. Shuleni kwetu mgeni aliyekaa nyuma ya darasa na daftari alikuwa mkaguzi. Hakusema kitu. Aliandika tu, na mwalimu ubaoni alianza kutoka jasho. Mwalimu wetu wa darasa la tatu, tuliyempenda mno, alikaguliwa siku mbili, na mwezi uliofuata akahamishiwa mahali ambapo hata basi halifiki. Kwa hiyo nilijua daftari nyuma ya ukumbi linamaanisha nini. Linamaanisha kuna kosa, na kuna mtu ataondoka.

Basi nikawa namchunguza Mwalimu Dani kutoka kwenye gunia langu la yatima. Tulipokuwa tunasema maneno ya mchezo hakuandika kitu. Kina mama walipoinuka tu, alishika kalamu. Walipopanda aliandika haraka haraka, ameuma mdomo, masikio yamezidi kuwa mekundu. Baada ya mchezo nilimsikia akimwuliza Shangazi, "Nani amewaambia wapande?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu? Si wewe?"

"Nimwambie nani? Wamepanda wenyewe."

"Wote? Hakuna mtu amewaambia?"

Mara tatu. Na akaandika jibu. Mimi niliyekuwa nakunja turubai nilisikia yote. Mkaguzi ameliona kosa. Watu wetu ni washamba, wanapanda jukwaani na masufuria ya uji, na yeye ameshawaandika, na Shangazi yangu atafungiwa kikundi. Sikumwambia mtu. Nilijipa kazi ya kukiokoa.

Jumamosi iliyofuata bohari ilijaa hadi nje. Mwalimu Dani alikaa safu ya nyuma na wageni wawili wa shuleni kwake, wazungu wenzake, nami nikaona sasa imekuwa tume nzima. Mchezo ukaenda. Sahani ikanyang'anywa, watu wakafoka, mimi nikajikunja nikalia. Mama Ramadhani akainuka. Hakuwa na uji siku hiyo. Alibeba kitu kilichokunjwa, akakikumbatia kifuani, na alipokaribia nilisikia harufu ya nafthalini, ile dawa nyeupe ya kufukuza nondo sandukuni. Lilikuwa shati jeupe la mikono mifupi, lililopigwa pasi. Nililijua. Ramadhani alilivaa Idi ya mwisho.

Akapiga magoti, akalikunjua. "Vaa, mwanangu," akasema. "Baridi hiyo."

Ukumbi ulinyamaza wenyewe. Nilitazama nyuma. Mwalimu Dani alikuwa amesimama kabisa, kalamu mkononi, anaandika bila kutazama karatasi.

Nikainuka kutoka kwenye gunia. Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, ile ya darasani, ili mkaguzi asikie: "Mama Ramadhani, huu ni mchezo tu. Mimi si yatima. Rudini mkakae kwenye viti vyenu, mnatuharibia."

Nilisema "rudini." Niliwajumlisha wote.

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akalikunja shati lile taratibu, mikono kwanza, halafu kola, kama linavyokunjwa la kurudishwa sandukuni, akashuka. Hakwenda kukaa. Alipita katikati ya watu akatoka kwenye ule mlango wa jua, na kina mama wengine wakaanza kuinuka, na wao hawakuja jukwaani. Waliobaki walikaa mikono mapajani. Tulimaliza mchezo katika ukimya kama wa kwenye ile picha. Nilijiona shujaa kwa muda wa nusu saa nzima.

Shangazi hakunipiga. Ingekuwa nafuu. Alikaa juu ya debe, masizi bado chini ya macho, akaniuliza, "Nani alikufundisha maneno yale, baba?"

"Hakuna."

"Umeona haya kutunzwa? Au umenionea haya mimi?"

Nilinyamaza. Nilikuwa na jibu, lakini sikutaka kumtia hofu ya mkaguzi, nikaona bora asijue jinsi nilivyomwokoa. Yeye alichukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

Alikwenda kwa Mama Ramadhani siku ile ile na mara mbili baadaye. Alikaribishwa, akapewa maji, mambo yote ya heshima. Kuhusu bohari Mama Ramadhani alimwambia neno moja tu: "Mwamvita, sisi tunawaharibia." Jumamosi iliyofuata walikuja watu robo. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyefoka. Shangazi aliwageukia mkono kiunoni akawachokoza, wakatabasamu kwa adabu. Hakuna kitu kibaya kwa mchezaji kama adabu. Unga ukaisha, mayai yakaisha. Mpiga ngoma akarudi kwenye cherehani yake. Masika hayajaisha Shangazi alikuwa ameuza turubai kwa mwenye lori, na mimi nikaona pazia letu likipita barabarani limefunika magunia ya chumvi.

Mwalimu Dani alikuja kuaga kabla ya kurudi kwao. Tulikuwa tumekaa barazani. Alitoa lile daftari na kumsomea Shangazi, akitafsiri kwa shida. Nilisubiri kusikia makosa yetu. Akasoma: "Mama wa kanga nyekundu anapanda na uji. Hakuna mtu amemwambia. Anamngoja mtoto amalize. Wachezaji wote wanangoja." Akafunua ukurasa mwingine. "Mama analeta shati." Akafunga daftari. Akasema huko kwao watazamaji wamekuwa kama watu walio kanisani, na yeye na wenzake wangetoa chochote wapate watu kama kina mama wa hapa. Alikuwa anaandika ili akawaonyeshe. Kisha akauliza, "Kwa nini hawapandi tena?"

Shangazi alinitazama. Mimi nilitazama saruji.

Pale ndipo ningesema. Nilikuwa na miaka kumi na moja, ninajua kusema, nilikuwa mchezaji. Sikusema. Sikusema nilipokuwa kidato cha kwanza, wala nilipoajiriwa ukarani wa reli nikawa napita kumsalimu kila mwezi na sukari kilo mbili. Alikufa akiamini kwamba nilimwonea haya. Binamu zangu walinigawia kanga yake moja, ya bluu, aliyokuwa akiifunga kiunoni akiongoza mazoezi. Wanasema mtoto hana kosa. Sawa, yule mtoto simdai kitu. Namdai mtu mzima aliyekunywa chai nyumbani kwake miaka yote ile, akaondoka na siri yake mfukoni.

Sijui daftari la Mwalimu Dani liliishia wapi, na sisemi kwamba mchezo huu wa Tumaini umetoka humo. Lakini niacheni nikasirike na herufi zile nene. Mpya kabisa! Mama Ramadhani alikuwa mpya kabisa?

Nilikwenda Jumapili mchana. Nilitoa ile kanga ya bluu sandukuni nikaitia kwenye mfuko wa plastiki. Mlangoni kulikuwa na foleni ya watu wenye nguo mikononi, skafu, koti la mwanajeshi, aproni ya jikoni, na harufu ya nafthalini ilinipiga usoni hadi nikashika ukuta. Binti mmoja mwenye beji alipokea nguo, akazifunga kijikaratasi chenye namba na kuziweka kapuni.

"Utarudishiwa ukitoka, mzee," alisema kwa upole. "Usipoteze namba yako."

"Nirudishiwe?"

"Ndiyo, kila mtu anarudishiwa yake."

Sikumpa. Nilifungua koti nikaiweka kanga kwapani.

Jukwaa lilikuwa katikati. Tumaini alikuwa msichana aliyefukuzwa kwao, yuko peke yake kwenye sakafu tupu, anatetemeka. Alitetemeka vizuri, meno yanagongana. Watu waliomzunguka walisubiri taa igeuke bluu, maana karatasi tuliyopewa mlangoni ilisema taa ikigeuka bluu ndipo watakaoitwa namba zao watapanda. Hakuna aliyefoka. Niliitazama mikono yao mapajani. Nikainuka.

Magoti yangu si ya kupanda haraka, kwa hiyo kijana wa mlangoni aliniwahi. "Mzee, tafadhali, rudi ukakae. Bado. Huu ni mchezo tu."

Nilimjua kijana yule. Nilimjua kuliko alivyojijua. Nilimgusa bega nikapita.

Nikamfunika Tumaini kanga mabegani. Kwa sauti ndogo, kwa Kiingereza, bila kuinua uso, alisema, "Babu, sio sasa." Nikamjibu kwa Kiswahili, "Baridi hiyo," nikarudi kwenye kiti changu. Nyuma yangu mama mmoja, sijui wa kabila gani, alianza kulia kwa sauti.

Mwisho wa mchezo meneja aliniambia kwa adabu nyingi kwamba mkataba wao na wenye mchezo ni mkali, na kwamba Tumaini atapaswa kujieleza. Nikaomba radhi. Nilikuwa nimemtia mtoto matatani, na sina hakika kama nilipanda kwa ajili yake au kwa ajili ya wengine ambao hawapo. Yule binti wa beji akanifuata na kanga. Ilikuwa imekunjwa vizuri, na mtu alikuwa ameshaibandika namba.

"Hii ni yako, mzee."

"Si yangu. Nimeshaitoa."

"Lakini kila mtu anachukua yake."

"Binti yangu, mimi nimewahi kuona nguo iliyotolewa ikirudishwa. Sitaki kuona tena."

Alisimama na kanga mikononi, hajui aiweke wapi. Tumaini akatoka nyuma ya pazia, amevaa jinzi zake, macho mekundu, amekasirika na mimi waziwazi. Alitazama kanga, akanitazama. Akaichukua, akakichana kile kijikaratasi cha namba, akaifunga kiunoni juu ya jinzi, fundo upande wa kushoto, kama alivyofunga mtu ambaye hakuwahi kumwona.

"Haya, Babu," alisema kwa Kiswahili. "Ni ya nani?"

Nikamweleza. Tulikosa mabasi mawili pale kituoni, nikamweleza yote, na sikuacha neno nililomwambia Mama Ramadhani.